Antonov Ni Mutoto ya Nani?

Ku Saio, mtaa mumoja wa Bunia, mbele ya depo ya maharagi ya Katsuva, tulikuwa na benchi yetu ya mbao. Wakati ile ya vita masomo ilifungwa, soko ilifunguka siku moja na kufungwa siku tatu, lakini ile benchi haikufungwa hata siku moja. Watu walituita Parlema. Mimi, Koko Musoki, nyanya ya wajukuu kumi na moja, njo nilikuwa Présidente, si juu ya akili, juu ya termosi ya kahawa ilikuwa yangu. Kusoma sikusoma. Jina yangu nikiikuta ku karatasi, tunapitana kama watu hawajuane. Wakubwa wengine wa Parlema walikuwa watatu. Hubert, tulimuita Piloti, sababu alisukuma mizigo ku kiwanja ya ndege miaka kumi na moja. Ndani ya ndege hakuingiaka. Eugène, mwalimu, tulimuita Diplôme, sababu ile diplôme yake tuliisikia kila asubuhi mbele ya kuisikia redio. Na Abdoul, muuzaji wa zahabu mwenye alikimbia machimbo ya Mongbwalu, tulimuita Karati. Watu wa akili sana. Kama wangetuachia siye tuongoze ile vita, tungeipoteza kwa siku moja, na watu wangerudia kwao.

Basi, siku moja ya mwaka elfu mbili na mbili, mutoto wangu Mbusa, mwenye alikuwa Beni, alinitumia neno kwa phonie, ile redio ya kuongea mbali. Alisema: "Mama, nimekupatia fasi mu Antonov ya leo, saa nane. Barabara ya Komanda usiifikirie hata kidogo." Ile barabara ya kuenda Beni, watu walikuwa wanaipita kwa mguu; wengine walifika, wengine hapana. Na ile fasi haikuwa kiti. Zile ndege zilibeba maharagi na mafuta, mutu alikaa juu ya gunia. Hawakuandika viti, waliandika kilo. Ku liste yao niliandikwa hivi: Musoki, kilo quatre-vingt-dix, ni kusema makumi tisa. Mutu na muzigo wake, walipimwa ku balansi moja na maharagi.

Mwanamuke wa akili angeenda kufunga muzigo. Mimi nilibeba termosi, nikaenda kuuliza Parlema.

— Wababa, huyu Antonov ni mutoto ya nani? Mimi siwezi kupanda juu ya mutu bila kujua ukoo yake.

Diplôme akapangusa miwani.

— Koko, umeuliza vizuri. Watu wote wanafikiri Antonov ni ndege. Antonov alikuwa mutu. Enjenieri, Muruse. Jina yake njo waliweka ku kampuni.

— Namujua, Piloti akasema. Nilimuona hapa Bunia. Muzungu mufupi, na kofia. Alishuka, akakojoa pembeni ya gudroni, ile lami ya ndege, akarudia.

— Ulimuona mwaka gani?

— Quatre-vingt-seize.

— Alikufa quatre-vingt-quatre, Hubert, miaka kumi na mbili mbele.

— Basi alikuwa mutoto yake. Alifanana naye sana.

Nikawamwangia kahawa. Diplôme akaendelea, alisoma mambo yote mu revi moja, gazeti ya mapadri.

— Wakati alikuwa kijana, alianza na ndege bila moteri. Inapanda na upepo, inashuka na upepo.

— Bila moteri? Na mama yake alikuwa anaangalia tu?

— Koko, ni siansi.

— Siansi gani? Mutoto anaruka juu na mbao, mama iko hai, na hakuna mutu anamuchapa? nikasema. Ile ukoo haikuniingia vizuri.

— Ngoja. Kiisha vita kubwa ya Wazungu, mwaka quarante-six, serikali ikamufungulia ofisi Siberia, fasi ya baridi sana. Ndege yake ya kwanza pale ilikuwa ya mashamba. Kumwangia mimea dawa, kubeba magunia, kushuka fasi yote, hata mu majani.

Ya mashamba! Nilisikia moyo yangu inatulia kidogo. Mutu mwenye kufikiri mimea, huyo umemuelewa. Nikasema: — Huyo angeweza kuzaliwa Kpandroma, ku milima. Wale wa kule juu wanapenda shamba vile.

— Lakini Diplôme, Karati akauliza, ile namba? Juu ya nini wanasema Antonov deux, Antonov douze, vingt-quatre, vingt-six, trente-deux?

Piloti hakungojea mwalimu.

— Ni watoto. Kila mutoto akizaliwa, baba anatengeneza ndege.

— Watoto trente-deux? nikauliza. Makumi tatu na wawili?

— Siberia, Koko. Na ile baridi, ulitaka wafanye nini?

Tulicheka mupaka Katsuva akatokea mu depo kuuliza kama vita imeisha.

— Ni namba ya plan, ule mchoro wa kila ndege, Diplôme akasema, lakini hakuna mutu alimusikia, akapaza sauti. Namba ya plan! Kiisha, mwaka cinquante-deux, ofisi ikahama Siberia, ikaenda Kiev. Na leo Kiev ni inchi yake peke, Ukraine.

Karati akasimama. Karati akisimama, shika kopo yako.

— Umesema alihama?

— Ofisi ilihama.

— Nani anahamaka bila sababu? Mimi nilihama Mongbwalu juu nilipenda hewa ya Bunia? Yule mutu alikimbia! Nawaambia ginsi ilikuwa. Alikuwa na muzigo yake, anatoka Siberia. Barrière ya kwanza: kijana amefunga njia na kamba, "Muzee, tunywe nini?" Anatoa. Barrière ya pili, kamba. Barrière ya makumi tatu, hana kitu tena, wanamuvua kanzu. Anasimama pale na baridi, anaangalia juu. Na juu anaona nini?

— Mungu, nikajibu.

— Anaona hakuna kamba. Njo akaweka moteri.

Mimi nilimuhurumia kabisa. Dakika kumi mbele ile, Antonov alikuwa Muzungu wa mu revi. Sasa alikuwa déplacé, mukimbizi kama siye, na kilo yake moja ya muzigo, anatafuta fasi ya kulala Kiev.

— Na bawa, Piloti akaongeza. Mumeangalia bawa yake? Wengine wanaweka chini. Yeye aliweka juu. Juu ya mbuzi.

— Mbuzi gani?

— Mbuzi wa kiwanja yetu. Wanalala mu njia ya ndege. Bawa ya chini ingewakata.

— Hubert, pale Siberia alijuaje mbuzi ya Bunia?

— Weye njo umesema alisoma.

Diplôme akasema kwa sauti ya chini kwamba bawa iko juu ili mawe ya viwanja vya udongo isipige moteri. Piloti akatupigia mikono wote: — Mumesikia! Mawe na mbuzi, si jambo moja?

— Kiisha yeye kufa, Diplôme akasema, ofisi yake ilitengeneza ndege kubwa kupita zote mu dunia. Moteri sita.

— Inabeba Saio yote?

— Saio yote na kanisa.

— Na Katsuva?

— Katsuva anabakia kulinda depo.

Hapo nikaona jua imeshapanda. Nikasema: — Basi, huyu ni mutoto wa watu. Nitaenda kufunga muzigo.

Vile nilisema, hali ya hewa ku benchi ikabadilika.

— Ya leo? Piloti akasema. Ya leo, Koko, naijua. Mulango yake wanafungaka na kamba.

— Na piloti yake hasikii Kiswahili, Karati akasema. Ukiwa na haja ndogo kule juu, utamuambia na mikono?

— Hiyo kamba si kosa ya mwenye kuitengeneza, Diplôme akasema. Yeye alitoa mulango na kufuli yake. Lakini, Koko... ngojea ingine. Iko na ingine wiki inakuya.

Nikawaangalia. Watu watatu, na kila mumoja ananyosha kopo.

— Munaogopea mimi, ao munaogopea kahawa?

Piloti akaangalia viatu. Mwalimu njo alijibu, na hakusema diplôme yake:

— Koko, masomo haiko. Weye ukienda, asubuhi tutaamukia wapi?

Hiyo ikanifinya. Lakini Katsuva, mwenye hapendi machozi karibu na maharagi, akaniita ku balansi yake. "Panda kwanza, tuone kilo zako." Nikapanda. Akasukuma kile chuma, akasukuma tena.

— Quatre-vingt-huit, makumi nane na nane.

— Vua viatu! Piloti akapiga kelele.

— Quatre-vingt-huit bila viatu, Katsuva akasema.

Haya niliona. Vita ilikondesha Bunia yote, mimi peke ilininenepesha. Kahawa, sukari na kukaa. Ilinibakilia kilo mbili za muzigo: sufuria ao blanketi. Parlema ikaanza kugawanyika juu ya sufuria.

Njo pale Françoise akafika. Alikuwa mwanamuke wa Kpandroma, mwenye kufulia watu nguo. Alikuja kwa mguu na watoto wawili, walikuwa wanalala mu kiwanja ya kanisa. Bwana yake Isidore alienda Beni kuuza mboga mbele barabara ifungwe, na mupaka siku ile hakujua kama bibi na watoto wako hai. Alisimama pembeni ya balansi, mudogo ku mugongo, mukubwa wa miaka sita ku mukono. Alikuwa amesikia yote, mbuzi, kamba, watoto trente-deux. Hakucheka.

— Koko, samahani. Ile ndege, kama iko mubaya ginsi wababa wanasema, utanipatia fasi yako?

Karati akakaa chini. Ungemujibu nini? Ukisema ndege iko muzuri, Koko anabakia juu ya nini? Ukisema iko mubaya, unamutuma wapi na wale watoto?

Françoise hakungojea. Nilishuka, akapanda. Akamuvuta mukubwa karibu, mudogo ku mugongo, wote watatu juu ya ile chuma. Katsuva akasoma, akaangalia tena, kama mutu hana imani na balansi yake mwenyewe.

— Soixante-huit, makumi sita na nane.

— Na mutoto wa mugongo? nikauliza.

— Wote, Koko.

Mupaka leo ku kanisa wanasema Koko Musoki alikuwa na moyo. Mama Régine wa chama ya wamama aliisimulia hata ku maombi, akalia. Mungu amusamehe. Mimi nilikuwa na woga. Tangu asubuhi nilitafuta mutu wa kunitolea ile ndege ku kichwa, nilitafuta mupaka Siberia, na akakuja mwenyewe na miguu yake. Nikasema ndiyo mbio, mbele afikiri vizuri. Mbele na mimi nifikiri vizuri.

Lakini ile kilo vingt-deux, makumi mbili na mbili, ya kubakia tuliijaza. Katsuva akaweka maharagi, na yeye hakuwahi kutoa hata moja yenye wadudu. Mimi nikaweka sufuria na blanketi, ile mabishano ikaishia pale. Diplôme akamufundisha:

— Wakiita Musoki, unasema présent.

— Na watoto?

— Nao ni Musoki.

— Na wakiona siko nyanya?

— Waambie vita ilikurudisha utoto, Karati akasema. Françoise akacheka mara ya kwanza, meno yake yote ikaonekana.

Piloti akawasindikiza, sababu alijuana na walinzi wa kiwanja ya ndege, akarudia. Saa nane na nusu tukasikia ile ndege. Ikapita juu ya Saio, chini sana, na bawa yake ya juu. Parlema yote ilisimama. Hakuna mutu aliongea mbuzi. Tuliisikiliza mupaka ikapotea, na kiisha tukasikiliza ule ukimya, tukiomba ubakie ukimya tu.

Kesho yake nikaenda ku nyumba ya phonie. Parlema yote ikanifuata, wakajaa ku mulango. Ku phonie, ukimaliza neno unasema à vous, unaachilia bouton ya kuongea, kiisha mwenzako anaongea. Sauti ya Mbusa ikakuja, kama mutu anaongea ndani ya debe.

— Mama! Nilingojea Musoki mumoja. Wameshuka watatu. À vous.

— Walifika wazima? À vous.

— Wazima. Bwana yake iko hapa, hawezi kuongea, analia tu. Alikuwa ameshawafanyia kilio. À vous.

Ku mulango Piloti akapiga kelele: "Niliwaambia! Ile ndege iko muzuri!" Diplôme na Karati wakamurukia, hata mwenye phonie akacheka. Na mimi nilicheka, nikapangusa uso na kitambaa. Mbusa akangojea tutulie.

— Mama, ile fasi niliitafuta mwezi muzima. Wanasema ndege za wiki inakuya haziko tena. Sasa weye utakuja lini? À vous.

Nikafinya bouton. Nikamuangalia Diplôme, alikuwa anaangalia ukuta. Nikamuangalia Piloti, nikamuangalia Karati. Nikaachilia bouton vile vile, mutupu. Ile machine ikakwaruza kidogo.

— Mama? Sikukusikia. Nimeuliza utakuja lini. À vous.