Dada Yetu Aliyepasua Bendera

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba kati yetu watatu, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1969 akaajiriwa karakana ya ushonaji ya halmashauri, ambako kwa miaka ishirini na miwili alishona sare, mapazia na kila bendera iliyopepea kwenye ofisi za mji, mshono ambao msimamizi wake alisema hata upepo unauheshimu.

Tarehe 10 Juni 1972 aliolewa na seremala, wakajaliwa binti mmoja, ambaye alifariki kwa uchungu wa uzazi tarehe 2 Agosti 1991, njiani akikimbizwa hospitali ya mbali, wiki tatu baada ya halmashauri kufunga wodi ya wazazi ya mtaa wetu.

Siku ya nne baada ya maziko, dada alikwenda halmashauri, akaishusha bendera, akaipasua kwa mkasi mbele ya watu, akisema, "Miaka yote nawashonea, mwanangu mkamfungia mlango."

Alishtakiwa kwa kuidhalilisha bendera, na shahidi wa kwanza wa serikali nilikuwa mimi, tarishi wa ofisi hiyohiyo, niliyeambiwa na mkubwa wangu, "Chagua, dada au kazi," nami nikaapa, nikasema aliitemea mate na kuikanyaga. Alifungwa miaka miwili. Mahakama ya rufani ilimwachia baada ya miezi kumi na minne, ikisema bendera ni ya wananchi wote, hata wenye hasira nayo, na kwamba kilio cha mzazi si jinai, lakini mumewe alikuwa ameshazikwa bila yeye.

Hakuniuliza kitu, akawashonea wanangu sare za shule, nami nikangoja siku nzuri ya kusema, miaka ikapita. Mwaka jana figo zilimshinda. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikaambulia kuuliza, "Dada, umekula?" Akasema, "Nimekula, nenda kapumzike." Alifariki tarehe 17 mwezi huu, saa nne asubuhi.

Mbele yenu nasema, hakuitemea mate, wala hakuikanyaga. Alivikunja vipande vyote viwili, akaviweka kwenye ngazi, akakaa kuwasubiri polisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa karakana, na wakili aliyesimama naye pale nilipomkimbia.

Pumzika kwa amani, dada. Ulistahili kuyasikia haya ukiwa hai.