Mdomo Uangalie Mbele

Benchi letu liko nyuma ya jengo, St. James Town, linatazama maegesho ya magari. Mwenye jengo aliliweka pale ili wazee wapunge hewa, lakini wazee hawakuwahi kulikalia, tulishaliteka sisi. Mimi ndiye mwenye chupa ya kahawa, ndiyo maana wananiita Da Chupa, ingawa nilibatizwa Asumpta. Na nawaambieni mapema: sina subira na wanaume wanaobishana wakati kazi imelala chini. Jumamosi hiyo ya Mei, mwaka tisini na saba, wikendi ile ndefu ambayo nusu ya Toronto inakimbilia maziwani, hatukuwa tunapiga soga hata kidogo. Tulikuwa tumeinamisha vichwa, tunakodolea macho kipande cha boksi kilichotandazwa chini ya gari la Médiatrice, tukiomba Mungu kibaki kikavu.

Gari lenyewe kuukuu, la kijivu, lile la aina ya zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Lilikuwa linavuja oili pale injini inapokutana na giaboksi. Pale ndani kuna sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobana mwisho wa kranki, kile chuma kinachozunguka ndani ya injini, ili oili isitoke. Kidude kidogo tu, unakitia mfukoni. Ila ukikitaka, ushushe giaboksi, utoe klachi, utoe na flaiwili, ndipo ukione. Kwa hiyo tangu asubuhi Hyacinthe alikuwa amelala chini ya gari.

Hyacinthe tunamwita Turnavisi. Ndivyo wanavyoita bisibisi kwao Bukavu, na yeye hakosi kuwa nayo mfukoni, hata kanisani. Huko kwao alitengeneza malori ya zamani, ambayo pale nyuma ya kranki hayakuwa na sili ya mpira, yalifungwa kamba ya kusokotwa. Hii ya mpira hakuwahi kuiweka maishani mwake. Alinunua mbili, moja ya akiba, maana haamini vitu vipya. Na Samson, Mtanzania mwenzangu anayesoma chuo, aliazima kitabu cha gari lile maktaba, akakaa benchini anamtafsiria kwa sauti. Samson tunamwita Kamusi. Mchana nilimsikia kwa masikio yangu akipaza sauti:

— Mdomo uangalie mbele!

Na Turnavisi akajibu kutoka chini ya gari:

— Nimeuangalia! Iko muzuri!

Basi, nikajua wameelewana.

Haraka yote ile ilikuwa ya Médiatrice. Sisi tunamwita Mama Inès, na tangu tumjue hatujawahi kumwona huyo Inès. Alipotezana naye Bujumbura siku za vita, mtoto ana miaka mitano, wakakimbia huyu huku na yule kule. Mwaka jana akapatikana Kigoma, analelewa na mama mmoja wa watu. Kesho adhuhuri ndege inamleta, peke yake, na inatua Mirabel kule Montreal, maana waliomkatia tiketi waliona Kanada yote ni mtaa mmoja. Mabasi ya usiku yote yamejaa kwa ajili ya sikukuu. Médiatrice mwenyewe alikuwa juu amelala, ametoka zamu ya usiku ya kuuguza wazee, na jioni ile ndiyo alitaka kushika njia. Asipofika, mtoto atasimama pale peke yake, halafu atachukuliwa na watu wa serikali asiowajua, kwa lugha asiyoijua.

Kwa hiyo Turnavisi alipowasha injini, hata mimi niliacha kumimina kahawa.

— Iache ingurume, alisema. Ipate moto. Oili ikipata moto njo inasema kweli.

— Iko poa, hiyo imeisha, alisema Urbanus. Huyu ni Mkenya, anapakia mizigo Malton kule uwanja wa ndege, na kila wikendi anapanda mabasi matatu kuja kunywa kahawa yangu. Tunamwita Redio. Hana pa kumzimia.

— Nyamaza, Redio.

— Si nasema tu iko poa.

Tone likaanguka.

Jamani! Moja tu, zito, katikati ya boksi. Turnavisi alipiga goti, akaligusa kwa kidole, akalinusa.

— Hiyo ni ya zamani, alisema. Ilibaki-baki mule ndani, sasa inashuka.

— Ya zamani ingekuwa nyeusi tii, alisema Kamusi. Hii ni kahawia. Hii ni ile tuliyotia leo.

— We unajua oili kuliko miye?

— Sijui oili. Najua rangi.

La pili likaanguka. Halafu la tatu, na la tatu halikulisubiri la pili kukauka.

— Zima! nikapiga kelele. Zima hilo gari kabla halijamaliza oili yote!

Akazima. Maegesho yakawa kimya, na matone yakaendelea. Nilitazama juu, ghorofa ya tisa, dirisha la Médiatrice. Pazia bado limefungwa.

— Mi nitawaambia shida, alisema Redio. Ni baridi.

— Baridi gani, Mei?

— Ya miaka yote! Chuma kikikaa kwa hii friji miaka kumi na mbili kinasinyaa. Kranki imekonda. Sili mpya imekuja na saizi yake, imekuta kranki imekonda. Sasa itabana nini?

— Kranki haikondi, Redio.

— Mbona mimi nimekonda?

Siku nyingine tungecheka. Kamusi hakuinua hata uso kutoka kwenye kitabu.

— Ni presha, alisema. Injini imechoka, inapumua vibaya, ule upepo wa ndani unaisukuma sili itoke. Hata uweke sili kumi.

— Ile injini haijachoka, alisema Turnavisi. Iko na afya kukushinda. Miye nasema mwenye duka alituona tunaongea Kiswahili akatupa sili ya mashua.

— Ya mashua?

— Hapa si banaendaga na mashua kila wikendi? Mashua oili ikivuja inakwenda ndani ya maji, nani anaiona? Bale batu banatuuzia mabaki.

— Ngoja, ngoja, alisema Redio, na sasa alisimama kabisa, kikombe mkononi. Mmewahi kufika Nanyuki? Pale kwa ikweta kuna jamaa anakuonyesha maji kwa karai. Upande huu yanazunguka hivi, ukivuka hatua chache yanazunguka vile. Si ndiyo?

— Ndiyo, kwa hiyo?

— Kwa hiyo! Turnavisi amejifunza kufunga injini kusini ya ikweta. Tuko kaskazini. Oili inazunguka kinyume, inamtoroka!

— Redio, kaa chini, nikamwambia. Mtoto wa watu yuko angani saa hizi, wewe unatuletea karai.

Akakaa. Nilimmiminia kahawa ili mdomo wake upate kazi nyingine, na nikasikia kwa uzito wa chupa kwamba inaelekea kwisha.

— Mimi nilisoma kila mstari, alisema Kamusi taratibu. Nilisoma kama kilivyoandikwa.

Turnavisi alimgeukia. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

— Unataka kusema nini?

— Sijasema kitu.

— Umesema. Umesema kitabu hakina kosa, kwa hiyo kosa ni la nani? La Da Chupa?

— Kaka Hyacinthe, nimesema nilisoma.

— Na miye nilifanya! Kila neno nilifanya! Tangu asubuhi niko chini, mugongo unakufa, we unakaa na kikombe unasoma kama padri!

— Kama ulifanya kila neno, mbona linavuja?

Turnavisi akamwendea. Redio akaingia katikati, kahawa yote ikamwagikia shati. Nilikuwa nimekwisha inuka na kifuniko cha chupa mkononi, nimpige yeyote atakayeanza, mlango wa nyuma wa jengo ulipofunguka.

Ni Médiatrice. Amevaa tayari kwa safari, viatu vya kutembelea, nywele amefunga vizuri. Mkono mmoja begi, mkono mwingine kijikoti chekundu cha mtoto. Alitutazama mmoja mmoja. Halafu akatazama boksi.

— Mama Inès, alisema Turnavisi. Sikiya. Tuko tunatafuta.

— Mnatafuta nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja, presha, mashua, kranki iliyokonda, mdomo wa sili usiobana. Nashukuru ikweta Redio aliimeza. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mtulivu kama anavyowasikiliza wale wazee wake wanaosahau majina ya watoto wao. Halafu akauliza:

— Hiyo sili si ina mdomo? Sasa mdomo mmeugeuzia wapi?

Kamusi akafungua kinywa, akamtazama Turnavisi. Turnavisi akamtazama Kamusi.

— Mbele, alisema Kamusi. Kwenye injini. Nilimsomea. Mdomo uangalie mbele.

— Njo nilifanya, alisema Turnavisi. Niliuangalia mbele. Nilishika taa, nikauzungusha wote, hakuna hata kamukwaruzo. Nyuma njo nikaingiza.

— Ukaingiza nyuma?

— Hapana! Nyuma! Kiisha kuangalia! Uliniambia niangalie mbele ya kuingiza, nikaangalia mbele ya kuingiza!

Mimi nilikaa chini. Kwetu mbele ni mbele, huko unakoelekea. Kwao mbele ni kwanza, na nyuma ni baadaye. Kamusi aliamuru mdomo uelekee injini, Turnavisi akasikia ameambiwa yeye aukague kwanza. Neno lile lile, herufi zile zile. Na mimi mwenyewe nilikuwa hapa hapa, nimesikia yote mawili, nikaona wameelewana.

— Sasa uligeuzia wapi? Médiatrice akauliza tena.

Turnavisi alitazama mikono yake. Alijaribu kuishika hewa kama anayeshika sili, akaigeuza huku, akaigeuza kule.

— Sijui, alisema. Vrai, kweli kabisa, sijui. Sikujua kama iko na upande.

Nilidhani Médiatrice atalia, au atamtukana, na mimi ningemsaidia kutukana. Hakufanya hivyo. Aliweka begi benchini, akapiga magoti kwenye lami na viatu vyake vya safari, mpaka uso wake ukawa sawa na wa Turnavisi aliyechuchumaa.

— Ile ya akiba iko?

— Iko.

— Saa ngapi utamaliza?

— Tukishika wote, saa nne za usiku. Saa tano.

— Nikitoka saa tano nafika. Haya. Mdomo uelekee injini. Umesikia nini?

— Injini.

— Sema yote.

— Mdomo kwa injini, mugongo kwa giaboksi.

— Sema tena.

Akasema tena. Kamusi akafunga kitabu, akavua saa yake ya mkononi na shati jeupe, akajitosa chini ya gari upande wa pili bila kuambiwa. Redio akaenda kuleta jeki, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikwenda kimya. Nilishika chupa nimpe Médiatrice hata nusu kikombe. Ikatoa matone mawili tu, ikakauka.

Hakuona. Alikuwa bado amepiga magoti, kijikoti amekikumbatia, na uso wake umebadilika kabisa.

— Da Asumpta, alisema. Kwetu Bujumbura tunasema kama yeye. Mbele ni kwanza.

— Najua, mdogo wangu. Ndiyo wamekosana hapo.

— Hapana, sikia. Juzi nilimpigia mtoto. Nikamwambia, Inès, ukishuka, ukifika pale mlangoni, uangalie mbele. Nilitaka aangalie kwanza pande zote, anitafute, asitoke na mtu yeyote. Uangalie mbele, mama, njo utoke. Akasema haya.

Nikaiweka chupa chini.

— Lakini miaka yote hiyo amekaa Kigoma, alisema. Anaongea kama wewe.

— Mpigie tena, alisema Kamusi kutoka chini ya gari.

— Ameshapanda ndege.

Médiatrice alinishika mkono, mimi mwenye Kiswahili cha mtoto wake.

— Niambie wewe, dada. Yeye alisikia nini?