Joho Namba 83: Maisha ya Mzee Rudisha, Mtunza Majoho wa Chuo Kikuu

Ndugu waombolezaji, karatasi hii mnayo mikononi, na wenye macho mepesi tayari wameanza kumtangulia msomaji. Marehemu asingependa. Yeye alitaka kila kitu kihesabiwe kwa zamu yake, kimoja kimoja, kwa sauti, mbele ya watu wawili. Basi twende pamoja. Wapo ndugu waliotushauri tuandike mafupi na mazuri tu, tuondoke. Lakini yuko hapa leo mzee mmoja, dobi wa zamani wa chuo, tuliyemzoea kwa jina la Pasi, ambaye kwa karibu miaka thelathini na mitano ameitwa mwizi kwa sababu ya neno la marehemu. Marehemu aliagiza asifukiwe kabla neno hilo halijasemwa upya. Ndiyo maana wasifu huu ni mrefu kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mama mshonaji. Mtoto wa pili alifariki akiwa mchanga. Wa tatu, binti, alikuja mwaka 1964, wakati wazazi walikuwa wamekwisha gawa nguo zote za kitoto. Mama yao alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu wa kwanza, ukimpa kipande cha mkate, alikigeuza kwanza aone upande wa pili kuna nini. Alipofika miaka sita alikuwa akihesabu vifungo vya mama yake asubuhi na jioni. Kikipungua kimoja, wageni wote walikung'uta nguo zao kabla ya kuruhusiwa kuaga.

Alianza shule ya msingi Januari 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961 akiwa wa pili katika hesabu. Mpaka uzeeni aliamini wa kwanza aliangalizia. Alikuwa na nafasi ya kuendelea, lakini mwaka huo baba yake aliumia mguu kazini, na mkubwa wa nyumba akawa yeye. Hilo lilimuuma sana na hakulificha. Mdogo wake alipozaliwa, alimwambia mama yao, "Huyu atasoma mpaka avae joho. Nitasimamia mwenyewe." Neno hilo mama alilishika, na binti akakua akilisikia.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa chuo kikuu kama msaidizi wa stoo, na mwaka 1974 akakabidhiwa vifaa vyote vya hafla. Stoo yake ilikuwa nyuma ya jukwaa la ukumbi mkubwa: chumba cha dirisha moja lenye nondo, rafu mpaka darini, na harufu ya dawa ya wadudu iliyomfuata mpaka nyumbani. Hakukuwa na jambo la kuwakusanya watu chuoni ambalo halikupitia mlango ule. Mahafali, midahalo ya vitivo, mihadhara ya wageni, tamthilia, kwaya, Jioni ya Utamaduni, hata siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, wote walikuja kwake kuomba ngoma, mapazia, vipaza sauti na kile kitambaa cha kijani cha meza kuu. Aliwapa, akaandika, kisha akawaambia neno moja: "Rudisha." Jina likamkaa.

Hakumwamini mtu kwa sababu ya cheo chake. Profesa mgeni aliyekuja kuzungumzia nyota alisimamishwa mlangoni wakati wa kutoka, akaombwa kwa adabu zote atoe kifutio cha ubao mfukoni mwake. Alikuwa nacho kweli. Kwenye tamthilia ya mwisho wa mwaka marehemu alikaa mstari wa mbele, na watu wakadhani anapenda sanaa. Mfalme alipouawa na ukumbi mzima ukawa unafuta machozi, yeye alikuwa amenyanyuka kitini kuona taji limebiringikia wapi. Wanafunzi walimcheka, lakini kwa miaka kumi na minne hakuna hata kofia moja ya mahafali iliyopotea.

Tarehe 16 Desemba 1972 alimuoa mpishi wa bwalo la wanafunzi. Mjane anasema siku ya posa alimuuliza mara tatu kama ana hakika. "Nikamwambia, mwenye wasiwasi ni wewe, mimi mboga zangu zinaungua." Walijaliwa watoto wanne. Katika sebule yao kiti cha marehemu kilikuwa kimoja, kimeegemezwa ukutani na kuuelekea mlango, ili amwone kila anayeingia na amebeba nini. Watoto wake walijifunza kuonyesha viganja kabla ya kusema shikamoo.

Mtu pekee ambaye marehemu alikunywa chai yake bila kuinusa alikuwa Pasi. Dobi huyu ndiye aliyefua na kunyoosha majoho ya chuo, mia mbili na arobaini, kila baada ya mahafali. Walikuwa na utaratibu wao. Kila joho lilikuwa na namba iliyoshonwa ndani ya kola. Pasi alishika kola akataja namba, marehemu akarudia, kisha akaandika. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na waliifanya wakitaniana. Mwaka 1985 joho namba 83 lilipochanwa na msumari wa jukwaani, marehemu alilishona mwenyewe, akaweka kiraka cha pembe tatu juu ya pindo la mkono wa kushoto. Pasi alipokiona alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Rudisha, hicho ni kiraka au ni bendera?"

Sasa tunafika Ijumaa, tarehe 2 Desemba 1988. Siku hiyo Pasi alileta majoho, yamefungwa mafurushi kumi na mawili. Kabla hawajaanza kuhesabu, mtu alikuja mbio kutoka ukumbini: fainali ya mdahalo wa vitivo imeanza, kipaza sauti kimekufa, mkuu wa kitivo anapayuka kwa mdomo mtupu. Marehemu aliweka sahihi ya kupokea, sehemu ya idadi akaiacha wazi. Pasi akaenda zake. Mdogo wake marehemu, aliyekuwa amefika kumsalimia, aliketishwa juu ya mafurushi. "Kaa hapa. Asiguse mtu." Kisha marehemu akaondoka. Alirudi baada ya saa mbili, akafunga stoo na kumshukuru mdogo wake.

Jumamosi alihesabu peke yake. Yalikuwa mia mbili thelathini na tisa. Namba 83 haikuwepo.

Alipekua stoo mara tatu. Alimshuku fundi wa mitambo, akamshuku kiongozi wa kwaya, akawashuku wote wawili wakishirikiana. Lakini swali lililomtisha ni moja, nalo lingeulizwa Jumatatu: ulihesabu ulipopokea? Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya kuhesabu hakuwa na ujasiri wa kusema hapana. Akachukua kalamu, na katika ile nafasi iliyoachwa wazi akajaza 239, kana kwamba ndivyo yalivyofika.

Jumatatu Pasi aliitwa na wakubwa wa chuo. Alisimama mbele ya meza akimtazama rafiki yake. "Rudisha, si hatukuhesabu? Waambie hatukuhesabu." Marehemu akajibu, "Daftari linasema yalifika pungufu." Kazi ya Pasi iliisha siku ileile. Alihamia kibarazani nyuma ya posta na meza yake ya kupigia pasi, na habari ikamfuata huko. Wateja walianza kuhesabu nguo zao mbele yake. Marehemu naye, kila alipopita pale, alitupia jicho nguo nyeusi zilizoning'inia. Mwanzoni alijua wazi kwamba ameandika uongo. Miaka ilivyosonga, aliuamini uongo wake mwenyewe, na jina la Pasi likawa halitajwi mezani kwetu. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2006. Chuo kilimfanyia hafla ukumbini, naye akaondoka na saa ya ukutani na macho mekundu.

Mwezi uleule wa Desemba 1988 mama yao, aliyekuwa mgonjwa kitandani, alipokea kitu alichokuwa akikingoja: picha ya binti yake akiwa amevaa joho, iliyopigwa studio, nyeusi na nyeupe. Binti alikuwa akisoma chuo kingine, mji mwingine. Mama aliibusu ile picha, akaionyesha kila aliyeingia, na Februari 1989 akafariki nayo kando ya mto. Marehemu akairithi akiwa mtoto wa kwanza. Akaitundika sebuleni, kwenye ukuta ulio nyuma ya kiti chake, na akaketi kuutazama mlango.

Moyo ulianza kumsumbua Machi 2021. Alilazwa mara tatu hospitali ya rufaa, wodi namba sita, ambako alihesabu vidonge vyake mbele ya wauguzi na kumtaka daktari amwonyeshe sindano kabla ya kuijaza na baada ya kuijaza. Juni mwaka huu alirudi nyumbani. Ngazi hazikumfaa tena, hivyo kitanda chake kikawekwa sebuleni. Mlango ulikuwa na upepo, kwa hiyo mjane akamlaza akiupa kisogo. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne marehemu alikaa akiutazama ukuta.

Jumatano tarehe 15 Novemba 2023 aliomba picha ishushwe, na kile kioo cha kukuzia maandishi kiletwe. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaagiza mdogo wake aitwe.

"Keti. Si hapo, hapa, nione mikono yako. Kiraka hiki nani alikishona?"

"Kaka, ni zamani sana..."

"Sikuulizi lini. Nakuuliza nani."

"Ni wewe, kaka."

Mjane alidhani mume wake anakohoa. Alikuwa anacheka, na kicheko kile kikageuka kilio. "Nimemshuku kila aliyepita karibu na yale mafurushi," alisema. "Aliyekalia mafurushi sikumshuku. Nilikuwa nalinda mlango."

Mdogo wake alimweleza yote. Alikuwa ameshindwa mitihani ya mwaka wa pili na kuondolewa chuoni. Mama alikuwa anakufa akingojea joho. Alikusudia kupiga picha Jumamosi na kulirudisha Jumatatu, na Jumatatu ilipofika Pasi alikuwa amekwisha fukuzwa, naye akaogopa. Joho likalala chini kabisa ya sanduku lake la bati.

"Wewe ulichukua joho," marehemu alisema. "Mimi nilimchukulia mtu jina lake, kwa kalamu. Kamlete Pasi."

"Jumatatu, kaka. Nijipange kwanza."

"Jumatatu yako nimeshaijua." Akafumba macho, halafu akaongeza, "Nikitangulia, habari hii isomwe mbele za watu. Usome wewe. Wengine watairemba."

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Mdogo wake huyo ndiye anayewasomea karatasi hii. Amezoea kuandika "mdogo wake" na "binti" kana kwamba ni mtu mwingine, na anajua mmeshamtazama. Mtazameni. Mwanamke huyu alifundisha watoto wenu hesabu za jioni kwa miaka ishirini, sebuleni kwa kaka yake, chini ya ile picha ya uongo, akimpita Pasi nyuma ya posta kwa upande wa pili wa barabara. Anaona aibu, na amestahili. Asubuhi ya leo Pasi alipoingia hapa na shati lake lililonyooka, akasimama nyuma kwenye nguzo ya turubai, msomaji aliwaona akina mama watatu wakisogeza mikoba yao karibu. Mikoba hiyo inaweza kurudi ilipokuwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na mdogo mmoja. Ameacha pia rafiki mmoja, ambaye hakumwomba radhi kwa mdomo wake kwa sababu aliyetumwa kumwita aliahirisha. Radhi hiyo inaombwa sasa, kwa niaba ya wote wawili, na Pasi halazimiki kuipokea.

Juu ya meza hii, karibu na jeneza, kuna joho namba 83. Limefuliwa. Halijanyooshwa, maana mwenye kazi hiyo yupo. Pembeni yake kuna daftari la mwaka 1988, ambalo Mzee Rudisha, pamoja na maneno yake yote, hakulirudisha chuoni. Tulilikuta chini ya mto wake. Kama Pasi ataona vema, na asogee mbele, ashike kola, ataje namba kama zamani. Msomaji ataifuta 239 na kuandika 240.

Lala salama, kaka. Limerudi.