Uboho wa Kaka Mtu

Benchi la kijiweni ni ubao mmoja wa ujenzi uliolazwa juu ya matofali, nje ya gereji ya Spea, na aliyeulaza ni Pimamaji, fundi mwashi, kwa hiyo hauyumbi hata ukikaliwa na watu sita. Mbele yake Mama Birika anauza kahawa. Pembeni hukaa Gazeti, karani mstaafu anayesoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi, hata ikiwa nusu. Siku hiyo Pimamaji alifika saa nne asubuhi, siku ya kazi, na shati safi. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa zege, ule anaujua na dawa yake ni usingizi; huu ulikuwa uchovu wa wiki tatu za kupanda ngazi za hospitali kumwangalia mdogo wake akipungua kitandani. Kansa ya damu. Juzi majibu yalitoka: kati ya ndugu watatu waliopimwa, anayelingana na mgonjwa ni yeye peke yake. Daktari alitaka jibu leo, kabla ya saa kumi.

— Hebu rudia, wanachukua nini? — Spea aliuliza, akijifuta grisi kwenye suruali.

— Seli shina.

— Ndiyo nini hiyo?

Pimamaji alishusha pumzi. Hii ilikuwa mara ya nne kueleza.

— Ndani ya mfupa kuna uboho. Humo zinakaa seli zinazozaa damu yote, kama mama zake. Kwa mdogo wangu mama wameharibika, wanazaa kansa. Dawa za kwanza ziliua watoto, mama wakajificha. Ndiyo maana ugonjwa ukarudi. Sasa wanataka kuchoma shamba zima, halafu wapande za kwangu.

— Na zitaota?

— Wanasema mara nyingi zinaota.

— Kuota zitaota, — Gazeti alidakia. — Nimesoma. Shida ni wewe. Mfupa ukitolewa uboho unabaki bomba tupu. Siku ya kwanza kubeba mfuko wa saruji, kwisha habari yako.

— Daktari kasema unarudi wenyewe, wiki chache tu.

— Basi daktari abebe saruji tumwone!

Walicheka. Pimamaji hakucheka, kwa sababu hapo ndipo palipomuuma. Aliogopa. Mgongo wake ulikuwa unalisha nyumba mbili sasa, yake na ya mdogo wake, na hofu hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe. Alikuja kijiweni akitumaini mtu atampa sababu, ya kwenda au ya kutokwenda, yoyote tu.

— Sindano inapita hapa nyuma, kwenye nyonga, — Spea alisema, akijionyesha mwenyewe. — Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa mbona anayeinama ni mimi, na anayetaka ni mwingine?

— Hapo wahenga hawakufika.

— Wanaweza pia kuvuta kwenye mshipa wa mkono, — Pimamaji alisema. — Kama kutoa damu, ila unakaa saa nyingi.

— Haiwezekani, — alisema Gazeti. — Damu nzito kuliko maji. Itapitaje kwenye kimrija?

Mama Birika alimimina bila kuinua macho.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpelekee mgeni wake, baba.

— Thubutu! — alisema Gazeti. — Huyo mgeni akifika anaanza kupigana na mwenyeji. Mpaka ngozi inababuka.

Hilo daktari naye alilitaja. Ubaya wa Gazeti ndio huo: katika maneno kumi moja ni la kweli, na hujui ni lipi.

— Niongeze, Mama, — alisema Pimamaji.

— Tena sikiliza, — Gazeti aliendelea. — Damu yake yote itakuwa yako. Akidondosha tone mahali, wakilipima, ni wewe. Akivunja duka, unafungwa wewe.

— Mdogo wangu saa hizi hawezi kuvunja hata yai.

— Na akipona?

— Akipona avunje tu, — alisema Pimamaji.

Spea akasogea karibu.

— Mimi nimewaza mbali zaidi. Akizaa mtoto baada ya hapo, mtoto ni wa nani? Na yule mama yake wewe utamwita shemeji, au utamwita...

Hakumaliza. Shemeji mwenyewe, mke wa mgonjwa, alikuwa amesimama mbele yao na kapu la shuka chafu za wodini, viatu vimejaa vumbi. Spea aliingiza uso wote kwenye kikombe.

— Shikamoo, shemeji, — mwanamke alimwamkia Pimamaji.

— Marahaba. Anaendeleaje?

— Kalala. Aliniuliza kama umefika, nikamwambia uko njiani.

Walimpisha, akakaa. Gazeti alikohoa.

— Tulikuwa tunamshauri shemeji yako asiwe na pupa. Haraka haraka haina baraka.

Mwanamke alimtazama bila hasira. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. Akamgeukia Pimamaji.

— Naomba kuuliza kitu kimoja tu, shemeji. Ingekuwa wewe ndiye umelala kule, na yeye ndiye amekaa hapa, ungependa anywe vikombe vingapi kabla hajanyanyuka?

Mama Birika, aliyekwisha kuinua birika, alilirudisha polepole juu ya makaa. Pimamaji alijaribu kutafuta jibu la haki, akaona hata kimoja ni kingi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hofu nayo haikuondoka, ilibaki palepale ilipokuwa. Aliweka kikombe chini kwa haraka, kahawa ikamwagikia shati.

— Fomu ya kukubali unayo?

— Ninayo.

— Kalamu?

Hakuwa nayo. Gazeti, ambaye tangu astaafu hajamwazima mtu kalamu, alichomoa yake mfukoni akaitoa. Pimamaji alisaini palepale juu ya ubao, kwa mwandiko mbaya, akabeba lile kapu la shuka, na wakaondoka.