Ung'oeni Mlango Huu

Sogeeni, wanangu, sogeeni wote wawili, na wewe Fundi weka hiyo simu chini. Wateja wako wa makabati watasubiri, mimi sina hakika kama nitasubiri. Niinueni kidogo. Hapo, panatosha. Nitasema mara moja tu, na msinikatize kwa kulia, maana nikianza kubembeleza watu wazima pumzi itaniishia kabla ya maneno.

Nyumba hii ni yenu nusu kwa nusu, na malipo ya vitabu vyangu, hayo yanayokuja yakijisikia, mgawane vivyo hivyo bila kununiana. Yule mhariri wangu, tuliyekosana miaka mingi kwa sababu alinikatia sura nzima ya kuku aliyepotea, nendeni mkamwambie nimekubali: sura ile haikuwa na kazi yoyote, na kuku mwenyewe hakuwa anapendeza. Hayo ni mepesi. Zito ni huu mlango.

Mmekileta kitanda changu humu nilimoandikia maisha yangu yote, nawashukuru, lakini mkitoka hapo sebuleni mnagombana mkidhani nimelala. Wewe Fundi unataka chumba kifungwe kama kilivyo, na meza na miwani na kikombe, wageni wawe wanakuja kutazama. Wewe Kitinda, mwanangu wa mwisho uliyerithi kalamu, unakitaka uandikie humo. Nimesikia kila neno, mpaka lile la "wewe ulikuwa unapendelewa". Hakuna aliyependelewa. Wote niliwafungia nje.

Mnakikumbuka kile kitambaa chekundu? Nikikitundika kwenye kitasa, nyumba nzima inanywea. Mlijua kunyata kabla hamjajua kufunga kamba za viatu, na Kitinda ulikuwa unawafukuza wenzako uani, "Shh, mama anaandika," na uso umeukunja kama askari wa zamu. Naye baba yenu akirudi gereji, na mikono bado ina grisi, ananipikia chai, anaiweka sakafuni hapo nje, anagonga kidogo kwa ukucha, anakwenda zake. Mimi nikitoka naikuta imepoa, imefanya utando juu. Naimwaga, naosha kikombe, basi.

Mlidhani humu ndani mama yenu anateseka. Wanangu, sikuteseka. Palikuwa na siku ngumu, sikatai, siku za kukaa tangu asubuhi na kutoka na mstari mmoja, tena mbovu. Lakini nyingi zilikuwa raha tupu. Navua viatu. Nachonga penseli zote, hata nilizozichonga jana. Natafuna karanga. Nasema maneno ya watu wangu kwa sauti ya chini, mara mimi mama mkwe, mara mimi karani, nagombana peke yangu na nashinda peke yangu. Nikienda sokoni nilikuwa nachelewa makusudi kwenye foleni nisikie watu wanavyosutana, nikirudi nimesahau vitunguu lakini nimepata sura mbili. Na ile siku mliyosikia nalia mkamkimbilia baba yenu, sikuwa nalia hata kidogo. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mto nacheka, kwa sababu yule fundi viatu wa kitabu changu cha tatu alikuwa amekwenda kuposa amevaa viatu vya mteja, kumbe mteja mwenyewe ndiye baba wa binti! Baba yenu akauliza nje ya mlango, "Mke wangu, vipi?" Nikamjibu, "Kazi tu, mume wangu." Masikini ya Mungu, akasema pole, akaenda kuosha vyombo.

Mtaniuliza kwa nini sikumfungulia nikamsimulia. Niliogopa. Mwanamke mwenye nyumba na watoto akisema anajifungia afanye kazi, watu watampisha. Akisema anajifungia acheke, wataulizana chakula kiko wapi. Kwa hiyo kila nilipotoka nilikunja uso, nikashika kiuno, nikasema nimechoka hoi, mpaka ule uso ukanizoea. Baba yenu alinihurumia hadi siku yake ya mwisho. Alinishika mkono akaniambia, "Usijiue na kazi." Na mimi, mwenye maneno ya kujaza rafu hii yote, nikaitikia kwa kichwa. Hilo linaniuma, wanangu, linaniuma kuliko hiki kifua. Mtu niliyempenda alikaa nje ya furaha yangu ndoa nzima, na chai mkononi, na mlango wenyewe haukuwahi hata kupigwa funguo.

Nipeni maji. Kidogo. Ahsante.

Ningekwenda nalo kimya. Lakini mwezi uliopita, nilipokuwa kwako, Kitinda, nilipita ukumbini nikaona kitambaa chekundu kwenye kitasa chako. Na hapo chini amekaa binti yako, huyu mke mwenzangu mdogo, ana picha aliyoichora anataka kukuonyesha. Nikamwuliza mbona hagongi. Akaniambia, "Bibi, mama anateseka." Na mimi, mwanangu, kwa masikio yangu haya mabovu, nikakusikia ndani unacheka.

Usiiname. Sikugombezi. Ulipotoka ulikuwa umeukunja uso, na ulikuwa uso wangu ule.

Basi shikeni hili. Chumba ni cha Kitinda. Mlango hapewi. Fundi, nikishazikwa na watu wakishatawanyika, leta bisibisi, ng'oa bawaba, uupige randa huu mlango, uutie miguu, uwe meza ya kulia, nanyi mkae mezani hapo wote na watoto wenu. Mbao ni nzuri, baba yenu alizichagua mwenyewe. Kitambaa kile kifutieni meza. Na wewe Kitinda, ukicheka, wasikie. Wakikuuliza unacheka nini, wasimulie, hata kama kikisimuliwa hakichekeshi tena. Ukitaka kimya, waombe kimya, watakupa. Lakini usiwadanganye kwamba unaumia.

Radhi zangu zote nawaachia, sijabakiza. Mungu awape kazi mnayoipenda... na awape watu wa kuwaambia kwamba mnaipenda. Shikaneni mikono. Vizuri, hata kama mmenuna.

Ngoja... nani huyo? Nimesikia ukucha mlangoni. Ni yule mdogo, kaleta chai... kaiweka chini, anataka kuondoka. Asiende. Fungua, Fundi, fungua upesi, baba... Mke mwenzangu! Rudi. Ingia nayo ikiwa ya moto. Bibi haandiki... panda hapa kitandani... sogeza sikio. Palikuwa na fundi viatu... siku moja... akaenda kuposa...