Vidonge Alivyobaki Navyo Mama

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, macho dirishani, masikio kwao, kama mmbea yeyote mwenye adabu. Mwanamume alikuwa akimweleza nesi aliyevaa sare kwamba mdogo wake amelazwa tangu jana, mwili umekakamaa kama gogo na homa haishuki.

"Anatumia dawa gani nyumbani?" nesi aliuliza akipiga miayo. Alikuwa anaingia kazini, lakini uso ulikuwa wa mtu anayetoka.

"Vidonge vya akili. Mama alituambia tusiseme. Tukasema ni malaria."

Nesi alifumba macho. "Kaka yangu, dawa hizo zinasaidia wengi. Lakini mara chache sana zinamgeuka mtu: anakakamaa hivyo hivyo, homa inapanda, anachanganyikiwa. Inaua. Daktari atajuaje kama mmemficha?"

"Safari iliyopita tulisema ukweli. Mkamwacha kwenye benchi hadi jioni, eti kichaa hana haraka."

Nesi hakubisha. Mimi ningebisha, ila sikuulizwa.

"Angalau mmeacha kumpa hivyo vidonge?"

"Tuache, ugonjwa urudi? Mama anampa kwa siri, na uji wa asubuhi."

"Asubuhi hii?"

"Yuko naye wodini sasa hivi."

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Mwanamume alimshika nesi mkono. "Nikisema leo, mtamhudumia, au ni benchi tena?"

Nesi alijinasua, akateremka, na miguu iliyochoka ikaanza kukimbia kuelekea wodini.