Sista Verdiana na Furu wa Kliniki ya Wajawazito

Tarehe 30 Juni 2025, muuguzi mkunga Verdiana Kagaruki anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, yote katika kituo chetu cha afya hapa Katesh. Alifika kutoka Bukoba mwaka 1993 akiwa na koti jepesi. Koti zito alilinunua mnadani wiki hiyohiyo.

Siku hizo wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne na taa ya chemli. Leo ni vigumu kupata ukoo, kuanzia Katesh hadi Nangwa, usio na mtu aliyepokelewa na mikono yake. Baadhi yao wamerudi wakiwa wazazi, naye akawapokelea watoto wao.

Mwaka 2016 alirudi kutoka likizo na ndoo ya furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Aliwaweka kwenye tangi la kioo pale wajawazito wanaposubiri, ili foleni isiwachoshe. Mwanzo haukuwa mzuri: madume wawili walipigana hadi mmoja akafa. Baltazar, bwana samaki wa wilaya, alimweleza kwamba dume hushika eneo lake na kulilinda, hivyo abakize mmoja pamoja na majike kadhaa. Baada ya muda dume yule akaiva rangi nyekundu, akachimba shimo mchangani, akawa anatikisika mbele ya jike hadi jike akamfuata. Jike alitaga, akayakusanya mayai mdomoni na kwenda zake. Akina mama wa foleni walimpa dume jina la Mgombea, kwa kuwa mbwembwe zake zote ni za kabla ya kuchaguliwa.

Mwaka 2018 mambo yalichafuka. Kornelia wa Getanuwas, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, alikuja kliniki akamwona jike akimeza vitoto vyake. Aliondoka bila kupimwa, na tarehe iliyofuata hakuja. Sista Verdiana alichukua bodaboda kumfuata, nami, mfanyakazi mwenzake, nikafuatana naye.

Tulipokelewa na mama mkwe, Bibi Lucia. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatupa viti.

“Sista, pale kwenu mnafuga mama anayekula watoto wake,” alisema. “Mkwe wangu hatajifungulia pale.”

Sista hakubishana. “Mama, njooni wote wawili mwangalie wenyewe. Mkiona amewala, tangi nitaliondoa, na Kornelia nitampeleka hospitali nyingine mimi mwenyewe.”

Njiani aliniambia anaogopa, maana jike akishtuliwa sana huweza kuwala kweli. Tangu siku hiyo alilifunika tangi kwa kitenge na kumkataza kila mtu kugonga kioo.

Walikuja Alhamisi. Kitenge kilipoondolewa, jike alikuwa konani, koo limevimba, mdomo umefungwa. Bibi Lucia akatikisa kichwa. Tukangoja. Hatimaye mdomo ukafunguka, vitoto vikatoka na kutawanyika juu ya mchanga. Bibi aliponyoosha kidole kwenye kioo, kivuli kikavitisha, vyote vikakimbilia mdomoni mwa mama yao.

“Kumbe anawaficha,” alisema. “Na yeye anakula saa ngapi?”

“Hali, mama. Anasubiri wakue.”

Bibi aliendelea kutazama. Kisha akamgeukia mkwe wake. “Nenda ukapimwe.”

Wiki za mwisho Kornelia alihamia kwa dada yake hapa mjini. Alifanyiwa upasuaji salama, akapata msichana. Bibi Lucia ndiye aliyemtoa mjukuu wodini, na hakukubali mtu yeyote ampokee mtoto.

Sista Verdiana harudi Bukoba. Amejenga Nangwa, na majirani wameshamwomba awe mjumbe wa kamati ya maji. Amekataa mara mbili, ingawa sisi tunaomfahamu hatuamini sana kukataa kwake. Wakunga aliowafundisha, Frida na Konsolata, ndio wanaobaki na wodi.

Sista, asante kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua ya kutosha, na simu ikilia alfajiri, iwe ni wajukuu tu wanaokusalimu.